Tafuta Kazi, Usitafute Jina la Amri

Mtu aliyezoea Linux akiketi kwenye kompyuta ya saiba pale Riruta, kandokando ya Naivasha Road, mara nyingi atakuta ni Windows. Akiandika grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili, anajibiwa kwamba amri hiyo haitambuliki. Wengi huishia hapo, wakafungua faili na kupekua mistari kwa macho. Wanajitesa bure: kazi ileile ipo, ila kwa jina jingine.

Ken Thompson aliiandika grep kwa ajili ya Unix, huko Bell Labs, Marekani, miaka ya 1970. Linux na macOS zimefuata mkondo wa Unix, ndiyo maana zinayo. Windows ilirithi amri zake nyingi kutoka MS-DOS. Kwa hivyo iulize mashine yenyewe. Kwenye Linux au macOS andika apropos pattern, nawe utaorodheshewa amri zinazohusika, grep ikiwemo. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika help, kisha usome maelezo yaliyo mbele ya kila jina. Humo utakutana na find na findstr.

Hiyo find ina mtego. Kwenye Linux hutafuta mafaili. Kwenye Windows hutafuta maneno yaliyo ndani ya faili. Findstr ndiyo inayokaribiana na grep, lakini nayo yataka uangalifu. Tuseme una orodha ya wateja na unawataka wa Riruta Satellite peke yao. Ukiandika findstr "Riruta Satellite" wateja.txt, ile nafasi kati ya maneno husomwa kama "au". Utaletewa kila mstari wenye Riruta na kila mstari wenye Satellite, bila onyo lolote. Kosa la namna hii ni baya kuliko amri kugoma, kwa sababu jibu linaonekana safi. Andika hivi: findstr /c:"Riruta Satellite" wateja.txt, na uongeze /i ikiwa wengine wameandika kwa herufi ndogo. Select-String, inayofanya kazi hiyohiyo kwenye PowerShell ya Windows, haibagui herufi kubwa na ndogo. Grep na findstr hubagua mpaka uzikataze.

Amri yoyote ngeni ijaribu kwanza kwenye faili ya mistari mitano ambayo jibu lake unalijua. Na kabla hujamkabidhi mtu orodha yake, tafadhali andika findstr /? usome maelezo yake hadi mwisho.