Reli Iliyogeuka Njia ya Waendao kwa Miguu

Reli ikisha kung'olewa, watu huuliza ni nani atakayeichukua ardhi ile. Huyu ataka kujenga kibanda, yule ataka kulima mchicha. Katika jimbo la Oregon, nchini Marekani, ardhi ya namna hiyo ilifanywa mali ya watu wote.

Tangu mwaka 1893, magari ya umeme yaendayo juu ya reli, yaitwayo tramu, yalichukua abiria baina ya Portland na Oregon City. Motokaa na mabasi yakaja kuwavuta abiria hao. Tramu za abiria zilikoma mwaka 1958, na mabehewa ya mizigo mwaka 1968. Ukanda ule ukabaki bila kazi.

Mwaka 2001, serikali ya eneo la Portland, iitwayo Metro, pamoja na idara ya bustani za umma ya North Clackamas, zilinunua sehemu ya ukanda huo. Mwaka 2012 njia mpya, Trolley Trail, ilifunguliwa kutoka Milwaukie hadi Gladstone, urefu wa maili 6, yaani yapata kilomita 10.

Ndugu msomaji, tazama hekima yake. Reli haipendi mwinuko mkali wala kona ya ghafula, na kwa hiyo wajenzi wa kale walikwisha kuisawazisha ardhi. Leo mzee mwenye mkongojo, mtoto ajifunzaye baiskeli na mlemavu katika kiti cha magurudumu hupita bila taabu, mbali na kishindo cha motokaa.

Hata hivyo, si kila kitu kiliokolewa. Daraja kuukuu la tramu juu ya mto Clackamas, huko Gladstone, liliporomoka mwaka 2014, likaondolewa. Kitu cha umma kisipotunzwa huoza, na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Ukanda kama huo una thamani ukiwa mzima. Nyumba moja ikijengwa katikati, njia yote imekatika, na kuiunga tena ni gharama kubwa. Basi tuiheshimu hifadhi ya reli na ya barabara katika miji yetu, nasi tuwakumbushe wanetu kuwa ardhi isiyo na jengo si lazima iwe haina mwenyewe. Mwenyewe ni sisi sote, pamoja na watakaozaliwa.