Binti anaponyonyoka nywele: Kabla ya kumnunulia wigi



Mzazi wa Tunduma au Vwawa anaweza kukaa miezi bila kujua kuwa binti yake ananyonyoka nywele, kwa sababu ushungi unasitiri. Hugundua siku ya kumsuka: baka la mviringo, ngozi laini kama ya shavu. Kumbe ndiyo sababu binti hataki kurudi bweni, maana huko wenzake huvua shungi na kusukana.

Mama mwenye huruma hukimbilia dukani. Asikimbilie. Aanze hospitali.

Wengi wetu kila baka la kichwani huliita mapunye. Mapunye ni fangasi, yanaambukiza, huleta magamba na hutaka dawa ya kumeza. Alopesia ni kitu kingine: kinga ya mwili hushambulia mashina ya nywele. Haiambukizi, haitokani na uchafu wala uchawi. Huwapata karibu watu 2 katika kila 100 katika maisha yao. Wapo pia wanaonyonyoka kwa kusukwa kwa kubanwa sana. Daktari atatofautisha. Akiona haja atampa rufaa kwenda Mbeya, au hata KCMC, Moshi, ambako tangu 1992 kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi. Mabaka yakiwa machache, mara nyingi nywele huota tena.

Je, wigi yafaa kisheria? Katika Hadithi sahihi imepokewa kuwa mama mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu binti yake aliyenyonyoka nywele kwa maradhi naye yu karibu kuolewa, na akakatazwa kumuunga nywele. Ndiyo maana wanazuoni wengi wamekuwa wakali. Wengine, akiwemo Sheikh Ibn Uthaymin aliyefariki 2001, wameruhusu wigi kwa asiye na nywele kabisa, kwa kuwa anasitiri aibu na hatafuti mapambo. Wamepima na Arfaja, sahaba aliyekatwa pua vitani akaruhusiwa kuweka ya dhahabu. Mwulizeni sheikh wenu, na mumweleze hali halisi. Posa ikija, mchumba aambiwe ukweli.

Mkiafikiana, binti achague mwenyewe. Mama, kazi yako ni kumsindikiza. Maduka ya Tunduma hujaa watu wa pande mbili za mpaka, basi nendeni asubuhi na mumwombe mwenye duka sehemu ya faragha. Mpimeni kichwa nyumbani kwa futi ya fundi cherehani: kutoka kwenye paji, nyuma ya masikio, hadi kisogoni. Vaeni kofia safi ya pamba kabla ya kujaribu, kwani wigi hiyo imeshajaribiwa na wengine. Chagueni nyepesi, yenye mikanda ya kukaza kwa ndani. Epukeni gundi, huumiza ngozi. Ya nyuzi za plastiki ni ya bei nafuu, lakini asiinamie jiko la mkaa nayo: huyeyuka kwa joto.

Usafi wake ni huu. Aivue wakati wa kulala na asimwazime mtu. Aioshe kwa maji baridi na sabuni laini, aianike kivulini juu ya kopo. Wakati wa udhu aivue, maji yafike kichwani, na katika josho vivyo hivyo.

Huenda baada ya yote haya binti akasema haitaki wigi, anatosheka na kofia ya pamba chini ya ushungi, ambayo pia humkinga na baridi ya Mbozi mwezi wa Juni na Julai. Mkubalie. Alichokuwa anakitafuta pengine ni mama wa kukitazama kichwa chake bila kushtuka.

Wanaomcheka shuleni waelezwe na mwalimu kuwa haiambukizi. Nyumbani nako, kaka na wadogo zake wasimpe jina la utani.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.