Akiba, deni na mfumuko wa bei: Somo la uchumi ndani ya methali za Waturuki

Waturuki wana methali kwa karibu kila jambo linalohusu hela. Hizi hapa chache, na maana yake mfukoni.

Bajeti
"Ayağını yorganına göre uzat." Nyoosha miguu kulingana na urefu wa blanketi lako. Yaani usitumie kuliko unachoingiza. Waswahili nao husema mtu hujikuna ajipatapo.

Bei
"Ucuz etin yahnisi yavan olur." Mchuzi wa nyama ya bei chee hauna ladha. Ukilipa kidogo, hasara utaikuta mezani.

Deni
Hapa methali zinabishana. Moja inasema deni ni mjeledi wa shujaa: linamsukuma mtu achape kazi. Nyingine inajibu kwamba anayekula mkopo anakula kutoka mfukoni mwake mwenyewe, maana mwisho wa siku atalipa tu.

Akiba
"Ak akçe kara gün içindir." Akçe nyeupe ni ya siku nyeusi. Akçe ilikuwa sarafu ya Dola ya Osmania, na weupe wake ulitokana na madini ya fedha.

Lakini je, sarafu yenyewe ikipoteza thamani? Katika miaka ya 1580 serikali ilipunguza madini ya fedha ndani ya akçe. Mwaka 1589 askari wa Istanbul waliolipwa kwa sarafu hizo hafifu wakaasi.

Jambo kama hilo limerudi kwa sura nyingine. Oktoba 2022 mfumuko wa bei Uturuki, kwa takwimu rasmi, ulipita asilimia 85 kwa mwaka. Bidhaa za lira 100 zilipanda hadi takriban lira 185. Aliyekuwa amefungia noti kabatini alikuta noti zote zipo, ila zinanunua karibu nusu tu ya vitu vya mwaka uliotangulia.

Ndiyo maana familia nyingi huko huweka dhahabu nyumbani, wanaiita akiba ya "chini ya mto". Wengine wanafuata methali hii: kuku wa leo ni bora kuliko bata bukini wa kesho. Wananunua friji sasa kabla bei haijapanda tena.

Kwa hiyo wazee hawakukosea kusisitiza akiba. Ila walisema akçe *nyeupe*. Kabla ya kuweka, angalia kwanza unachoweka kama kitabaki na thamani siku ukikihitaji.