Eya Klina ya Pikipiki: Jenuini au ya Kampuni Nyingine?

Mwenye pikipiki akienda duka la spea kuulizia chujio la hewa, ama eya klina kama mafundi wanavyoiita, mwenye duka humwekea mbili juu ya kaunta. Moja ni jenuini, ya waliounda pikipiki yenyewe. Ya pili ni ya kampuni nyingine, na bei yake iko chini. Sasa achukue gani?

Kwanza tuelewe kazi yake. Injini ya sisi 150 yenye stroku nne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili. Ukiifungulia mafuta yote ikazunguka mara 6,000 kwa dakika, inaweza kuvuta karibu lita 450 za hewa kwa dakika hiyo moja. Hayo ni zaidi ya mapipa mawili ya lita 200! Na kwenye barabara za murram, kama zile za Kitui wakati wa kiangazi, hewa hiyo imejaa vumbi. Ndani ya vumbi mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipita, huchanganyika na oili zikasugua ringi na silinda kama msasa. Ndipo unaona moshi wa rangi ya samawati, oili inapungua, mlima unaishinda, na fundi anaanza habari za ovaholi.

Si kweli kwamba kila ya kampuni nyingine ni mbaya. Wako watengenezaji wenye sifa. Shida ni zile za kuiga, nazo huandikwa "jenuini" bila haya. Mimi niliuziwa moja. Boksi lilikuwa safi kabisa, lakini mpira wa ukingoni ulikuwa mgumu, haukushika vizuri, vumbi likapita kando.

Kwa hivyo usisome boksi tu. Beba ile ya zamani mkononi ulinganishe. Vipimo viwe sawa, mpira uwe laini, mikunjo ya karatasi iwe mingi na iliyopangika, gundi isiwe na mwanya. Imulike kwa tochi uangalie kama kuna tundu. Ukishaifunga, ngoja wiki moja, kisha pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba linaloelekea kwenye kabureta. Kikitoka na vumbi, itoe, hata kama ulinunua ghali.

Pikipiki ikiwa bado ina garanti, nunua jenuini, usije ukabishana nao baadaye.

Ya karatasi usiioshe. Ya sponji osha kwa maji vuguvugu na sabuni, si petroli, ikauke kabisa, uitie oili safi kidogo na kuikamua bila kuisokota. Iliyoziba hufanya plagi kuwa nyeusi na petroli kwisha upesi. Wako vijana wanaoitoa kabisa eti injini ipate nguvu. Hao ndio wateja wazuri wa fundi. Ukikosa inayotoshea siku hiyo, rudisha ile chafu mpaka upate nyingine.