Kwa nini wanafunika jicho zima?

Je, umewahi kupita Mtaa wa Kongo ukakutana na mtoto amebandikwa plasta jicho moja, na jicho jingine limekwenda upande? Mimi mara ya kwanza nilidhani nesi kakosea. Mbona kafunika zima na kuliacha lenye kengeza?

Hakukosea. Macho mawili yakitazama kitu kimoja, ubongo huunganisha picha mbili ziwe moja. Jicho moja likienda upande, picha hazilingani tena. Ubongo wa mtoto hautaki usumbufu, basi unaitupa picha ya jicho lililopinda. Miaka ikipita hivyo, jicho hilo halijifunzi kuona sawasawa, ingawa ukilitazama huoni kidonda wala ukungu. Hilo ndilo huitwa jicho vivu. Jina silipendi, maana mvivu si jicho. Ni ubongo uliolisusa.

Ukifunika jicho zima, ubongo unalazimika kulitumia lile jingine. Si jambo jipya: Mfaransa Buffon aliliandika mwaka 1743. Mara nyingi daktari huanza na miwani, kisha plasta saa 2 kwa siku, au 6 ikiwa hali ni mbaya zaidi. Plasta hainyooshi kengeza. Mara nyingine huhitajika upasuaji. Lakini upasuaji peke yake hauliamshi jicho lililosuswa. Na usimfunike mtoto kwa kubahatisha, maana plasta ikizidi huweza kudhoofisha hata jicho zima.

Tatizo ni muda. Kabla ya miaka 7 ubongo unafundishika kirahisi. Baadaye wengine hupata nafuu, hata baadhi ya vijana wa umri wako, ila kwa shida. Ndiyo maana ile kauli ya "ataacha mwenyewe akikua" inaniudhi! Mtoto wa wiki chache macho yake hupishana, sawa. Akipita miezi 4 bado yanapishana, apelekwe Muhimbili au CCBRT Msasani. Unaweza pia kumziba jicho moja kwa kiganja, halafu la pili. Akilia na kukusukuma ukiziba moja tu kati ya hayo, huenda lile jingine halioni vizuri. Na mboni ikionekana nyeupe, hata kama ni kwenye picha tu, msingoje hata wiki: inaweza kuwa saratani.

Haya yanakuhusu nini wewe wa sekondari? Mama yuko sokoni tangu alfajiri. Anayebaki na mdogo wako jioni ni wewe. Plasta ataibandua, tena kwa kilio, maana saa hizo haoni vizuri kweli. Avae mkiwa ndani, si wakati wa kuvuka Msimbazi. Mpe kazi ya macho: mchambue mchele pamoja, apake picha rangi, atunge shanga kubwa. Watoto wa uani wakimwita chongo, bandika na wewe plasta yako, mkae machongo wawili mpaka saa ziishe.