Huduma Ije Mavuno Yakiwa Uani

 

Tukisema utafiti wa kilimo, wengi wetu tunafikiria mbegu mpya, dawa ya wadudu, au udongo uliochukuliwa kwenda kupimwa. Lakini upo utafiti wa namna nyingine, nao ni utafiti wa huduma. Huu hauulizi kama mbolea inafaa au haifai. Unauliza: mbolea hiyo inamfikia mkulima kwa njia gani, na siku gani? Leo tuzungumze juu ya huo, maana mbegu bora iliyofika mvua zimekwisha haina kazi.

Nitatoa mfano wa jirani zetu wa Busia, magharibi ya Kenya. Kuanzia mwaka 2000 watafiti Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio ya mahindi katika mashamba ya wakulima wenyewe. Waliona kwamba nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shina, mahindi yakiwa yamefika magotini, kinalipa. Kwa kila shilingi 100 ya mbolea, mkulima alirudisha shilingi zake na kupata faida ya kiasi cha shilingi 36 kwa msimu, kwa wastani. Lakini kanuni nzima ya wizara, yaani mbegu chotara, mbolea ya kupandia na ya kukuzia kwa kipimo kikubwa, haikuwalipa wengi wao.

Basi, wakulima walioshiriki katika mashamba ya mfano waliulizwa: msimu ujao mtatia mbolea? Karibu wote walisema watatia. Msimu ulipofika, waliotia kweli walikuwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Kwa nini? Wengi walijibu kwamba fedha hakuna.

Hapo bwana shamba wa kawaida angesema wakulima hawa ni wagumu, waongezewe mafunzo. Watafiti wakauliza swali jingine: fedha ilikuwapo lini? Jibu unalijua, ndugu yangu. Ilikuwapo siku za mavuno. Lakini siku zile mbolea haimjii mtu akilini. Kuna ada ya shule, kuna harusi, kuna mabati. Hata duka likiuza kilo moja moja, mtu husema nitakwenda kesho. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Wakaanzisha mpango walioupa jina la SAFI. Ofisa alimfuata mkulima nyumbani mara tu baada ya mavuno, akamwuzia hati ya mbolea kwa bei ileile ya dukani. Punguzo halikuwapo, ila mbolea ingeletwa nyumbani bure wakati wa kuitumia. Wakulima waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata huduma hiyo na wengine wasiipate, ili tofauti ionekane wazi. Waliofuatwa wakati wa mavuno walitumia mbolea kwa wingi kuliko wenzao. Waliofuatwa baadaye, wakati wa kukuzia, kwa ahadi ileile ya kuletewa bure, hawakubadilika sana. Ilibidi bei ikatwe nusu ndipo matokeo yakaribiane.

Fikiri kidogo. Kukata bei nusu kila mwaka ni mzigo mkubwa kwa serikali yoyote. Kusogeza siku ni gharama ndogo. Hayo ndiyo maendeleo yanayodumu: ghala linajaa, hazina haikauki, wala mtu hamwagi mbolea ovyo kwa kuwa imekuwa rahisi.

Lakini sikiliza na hili. Huduma ilipoondolewa, msimu uliofuata faida yake haikuonekana tena. Somo peke yake halikutosha. Kwa hiyo huduma isiyo na mwenyewe haidumu. Iwekeni mikononi mwenu.

Mfanye nini? Kwanza, kikundi au chama chenu cha msingi kipange siku ya kununua pembejeo katika wiki ileile ya mauzo. Mkulima akilipwa, atoe fedha ya mbolea palepale, apewe stakabadhi, na mhazini aandike daftarini mbele ya wote.

Pili, jaribuni wenyewe. Msimu wa kwanza pigeni kura. Nusu ya wanachama wafuatwe majumbani baada ya mavuno, nusu watangaziwe mkutanoni tu kama kawaida. Mwisho wa msimu hesabuni ni wangapi waliotia mbolea kila upande. Huo ni utafiti kamili, na hauhitaji maabara.

Tatu, nusu kijiko ni kipimo cha Busia. Kwenu mwulizeni bwana shamba au bibi shamba, kisha mjaribu katika mistari michache kwanza. Wala samadi na mboji msiziache, kwa sababu mbolea ya chumvichumvi hulisha mmea, lakini peke yake haijengi udongo.

Na sisi maofisa tuna lawama yetu. Mimi mwenyewe nimehubiri habari za mbolea misimu kadhaa katika miezi ambayo ghala ni tupu, nikarudi nyumbani nikisema watu hawasikii. Walikuwa wanasikia sana. Mimi ndiye niliyechelewa. Kwa hiyo, ndugu mkulima, msingoje ratiba ya ofisi. Tuiteni mavuno yakiwa uani.

Kazi njema.