Parkinson: Daktari auliza, mzee aona haya

MKONO wa mzee ukianza kutetemeka, kila mtu nyumbani huuona. Chai humwagika mezani, kifungo cha shati humshinda, hatua zake huwa fupi fupi. Lakini ni nani ajuaye kwamba mzee huyo huyo hajaenda choo kwa siku 5, kwamba usiku huamka mara 4 kukojoa, au kwamba akisimama hushikwa na kizunguzungu?

Huo ndio upande wa ugonjwa wa Parkinson usiotajwa, na katika vijiji vya Kebirigo, Kaunti ya Nyamira, kutotajwa huko kuna sababu zake.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1817 na James Parkinson, daktari wa London. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa polepole, na mwili ukawa mzito. Hasara haiishii hapo. Neva zinazoendesha mambo tusiyoyaamuru wenyewe, kama vile shinikizo la damu, tumbo, kibofu na jasho, nazo huharibika. Kwa baadhi ya wagonjwa, kufunga choo hutangulia mtetemeko kwa miaka mingi.

Madaktari wana njia ya kupima haya. Mwaka 2004 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walitoa orodha ya maswali iitwayo SCOPA-AUT. Mgonjwa huulizwa kuhusu mwezi uliopita: Je, mate hukudondoka? Chakula hukukwama kooni? Hutoka jasho jingi usiku? Kila jibu hupewa alama, kuanzia 0 kwa "kamwe" hadi 3 kwa "mara nyingi". Yamo pia maswali ya kitandani, ya wanaume mbali na ya wanawake mbali.

Wakorea hawakuridhika kuuliza kwa lugha ya wageni. Waliyatia maswali hayo katika lugha yao, wakayajaribu kwa wagonjwa wao kuona kama yanapima kweli, na mwaka 2017 wakachapisha matokeo.

Sasa rudi Kebirigo. Kwa Abagusii kuna chinsoni, ile haya ya heshima inayomzuia mzazi na mwanawe kuzungumza mambo ya mwili. Piga picha mzee wa miaka 70 aliye mbele ya daktari asiyejua Ekegusii. Mkalimani ni mwanawe wa kiume au, vibaya zaidi, mke wa mwanawe. Daktari anauliza, "Je, mkojo humtoka bila yeye kutaka?" Kijana anainamisha kichwa, kisha anauliza lake: "Tata, uko sawa?" Mzee anaitikia kwamba yuko sawa. Daktari anaandika sifuri.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini hapa hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amelinda adabu yake.

Hata hivyo sifuri hiyo ni hatari. Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, yaweza kushusha shinikizo la damu. Ikiwa shinikizo la mzee tayari huanguka anaposimama, atazirai, pengine akiwa kwenye foleni ya kituo cha kununulia majani chai, na kuvunjika nyonga. Tumbo lililolegea nalo huchelewesha dawa kufika inakotakiwa, watu wakadhani dawa haifai.

Si Kisii na Nyamira tu ambako wagonjwa hupotea machoni. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba Wilaya ya Hai, Tanzania, katika watu zaidi ya 160,000, walipata wagonjwa 33 wa Parkinson. Wengi wao hawakuwa wameambiwa wanaugua nini.

Jambo moja halihitaji maneno mengi. Mzee alale chali dakika 5, apimwe shinikizo. Asimame, apimwe tena baada ya dakika 1 na baada ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, daktari aambiwe. Pengine ni dawa za kubadilishwa, lakini asiziache kwa uamuzi wake. Huku nyumbani aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama, na anywe maji ya kutosha. Chinsaga na mboga nyingine zitalisaidia tumbo.

Maswali mengine yaulizwe na muuguzi wa rika linalofaa, mwanamume kwa mwanamume, mwanamke kwa mwanamke, kwa Ekegusii. Na kama hayupo? Mila yenyewe imeacha mlango. Chinsoni haiko kati ya babu na mjukuu. Hao hutaniana watakavyo. Mwanafunzi aliyekuja likizo anaweza kuketi na babu yake jioni na kumwuliza, kwa mzaha wao wa kawaida, mara ya mwisho alipokwenda choo ilikuwa lini. Jibu likiwa ni mara 2 kwa wiki au pungufu, aliandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo iende kliniki pamoja na mzee.